Kuendesha mashine ya Betacam kwa vitufe vyake yenyewe: maswali ya wanaohamisha mikanda Unguja na Pemba

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mapema miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994. Ndiyo maana visiwa hivi vina picha nyingi kuliko mtu anavyodhani: hotuba, taarab, mashindano ya ngoma, harusi, Mwaka Kogwa wa Makunduchi, mchezo wa ng'ombe wa Pemba. Sehemu kubwa ya picha za miaka ya 1980 na 1990 imo kwenye mikanda, na mikanda inazeeka ikiwa kabatini. Sony iliacha kuuza kaseti za Betacam, aina ya mkanda wa video wa studio za televisheni, Machi 2016. Mashine za kuzichezea zinazidi kupungua, na watu wanaojua kuziendesha ni wachache zaidi.

Maswali haya yanatoka kwa vijana wanaoanza kazi ya kuhamisha mikanda kwenda kwenye kompyuta. Majibu yanahusu mashine za Betacam SP za PAL, yaani mfumo wa rangi wa televisheni wa fremu 25 kwa sekunde, hasa Sony BVW-75P na ndugu zake. Ukiwa na mashine nyingine ya kitaalamu utakuta vitufe karibu vilevile, ila vimepangwa kwa namna nyingine.

LOCAL maana yake nini?

Mashine za studio zimeundwa ziweze kuamrishwa kutoka mbali: kwenye meza ya uhariri, kwenye mashine ya pili, au kwenye kompyuta, kupitia waya wa pini 9 unaochomekwa nyuma. Mbele kuna swichi inayoamua amri zisikilizwe kutoka wapi. Ikiwa REMOTE, mashine inasikiliza waya. Ikiwa LOCAL, inasikiliza vidole vyako.

Nabonyeza PLAY, mashine haifanyi kitu. Imekufa?

Tazama kwanza swichi hiyo. Kama imeachwa kwenye REMOTE, kwa mpangilio wa kawaida STOP na EJECT tu ndivyo vinavyofanya kazi; vingine vyote vinanyamaza. Kwa hiyo ukibonyeza EJECT kaseti ikatoka, lakini PLAY haijibu, mashine ni nzima. Irudishe LOCAL uendelee. Nimeona mashine nzuri ikifunguliwa mfuniko na kuanza kuchokolewa kwa bisibisi kwa sababu ya swichi hii peke yake.

Ndani ya menyu kuna mahali pa kuchagua vitufe gani vibaki hai wakati wa REMOTE. Unaweza kuviruhusu vyote. Mimi nashauri uache STOP na EJECT tu, maana kompyuta na kidole vikiamrisha kwa wakati mmoja, anayeumia ni mkanda.

Kama swichi iko LOCAL na bado kimya, subiri. Ukiingiza kaseti, mashine inauvuta mkanda na kuuzungushia ngoma ya vichwa, yaani silinda inayozunguka yenye vichwa vinavyosoma picha, kisha ngoma inaanza kuvuma. Kabla hujausikia mvumo ule, usibonyeze chochote.

Kioo kidogo cha mbele kinaonesha HUMID. Nifanye nini?

Usiilazimishe. Hilo ni onyo la unyevu juu ya ngoma ya vichwa, na kwa hewa yetu ni onyo la kuheshimiwa. Kwa sehemu kubwa ya mwaka unyevu wa hapa unapita asilimia 70, na wakati wa masika hata nguo kabatini zinanuka uvundo. Ngoma ni chuma laini kinachong'aa. Kikishika umande, mkanda unaganda juu yake kama karatasi kwenye kioo chenye maji. Ngoma inazunguka mara 25 kwa sekunde. Mkanda ukiganda, utakatika au utakunjamana, na vichwa vinaweza kung'oka.

Iache mashine ikiwa imewashwa, bila kaseti, mpaka onyo liondoke lenyewe. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Usiipulizie kikaushio cha nywele na usiiweke juani.

Bora zaidi ni kuzuia. Umande huingia pale kitu cha baridi kinapokutana na hewa ya joto yenye maji. Chumba chenye kiyoyozi kikizimwa jioni na madirisha yakafunguliwa, unatengeneza umande kwa mikono yako. Vivyo hivyo kaseti iliyokuwa kwenye chumba cha baridi, ukaipeleka kwenye chumba kilicho wazi. Na kaseti iliyovuka bahari kutoka Wete au Mkoani ndani ya boti, ikashuka bandarini, ikapanda gari: ipe siku nzima chumbani mwako kabla hujaigusa. Mwenye kaseti atakuwa na haraka. Mwambie arudi kesho.

Programu yangu inaweza kuamrisha mashine yenyewe. Kwa nini nihangaike na vitufe?

Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote. Programu inajua kutuma amri ya PLAY na kusoma taimkodi, yaani namba za saa, dakika, sekunde na fremu zilizoandikwa kwenye mkanda. Haijui sauti ya mkanda unaokwaruza. Haioni unga mweusi ukimwagika kwenye njia ya mkanda, wala haihisi mvumo wa ngoma ukibadilika. Ikikosa taimkodi, kama inavyotokea kwenye mikanda mingi ya zamani, inarudisha nyuma, inajaribu tena, inarudisha tena, na kila safari vichwa vinaparuza palepale. Mkanda wa miaka 30 huenda umebakiwa na mchezo mmoja mzuri tu. Mchezo huo usitumike kwa majaribio ya programu.

Kwa hiyo kwa mkanda mkongwe au usioujua: swichi LOCAL, washa kurekodi kwenye kompyuta, kisha bonyeza PLAY kwa mkono wako, kidole kikae karibu na STOP kwa dakika chache za mwanzo. Ukisikia mluzi mwembamba au mkwaruzo, simamisha. Picha ikianza kujaa mistari ghafla huku ilikuwa safi, simamisha. Vichwa vimeziba, na ukiendelea unausaga mkanda. Kompyuta iachie mikanda mizima yenye taimkodi isiyokatika, na hiyo utaijua baada ya kuicheza kwa mkono kwanza.

Kabla sijaingiza kaseti nikague nini?

Inuse. Harufu ya uvundo ni dalili ya kuvu. Kisha ishike chini ya taa na utazame kupitia kidirisha: je, mkanda umejikunja sawasawa kwenye gurudumu, au una matabaka yaliyotokeza? Kuna kitu cheupe mithili ya pamba pembezoni? Halafu fungua kifuniko cha mbele kwa kubonyeza kilimi cha pembeni, uone uso wa mkanda wenyewe. Usiuguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi hayatoki.

Ukiona kuvu, kaseti isiingie kwenye mashine. Itie kwenye mfuko peke yake, mbali na nyingine, na uvae barakoa unapoishika. Mbegu za kuvu zitabaki kwenye vichwa na kila kaseti itakayofuata itapata sehemu yake. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi boksi zima huharibiwa na kaseti moja iliyoingizwa kwa haraka.

Kama mkanda ni msafi lakini haujachezwa miaka mingi, upeleke mbele mpaka mwisho kisha urudishe mwanzo kabla ya kuucheza. Hapo mvutano wake unalingana, na picha itatulia.

Tazama pia kitufe chekundu cha plastiki mgongoni mwa kaseti. Kwenye Betacam, kikibonyezwa ndani, mashine haiwezi kurekodi juu yake. Kibonyeze kila kaseti inayofika mezani, hata kabla hujasoma lebo. Kwenye U-matic, aina nyingine ya kaseti ya video, ni kinyume: kile kitufe chekundu hung'olewa. Kwenye VHS unavunja kile kipande cha nyuma.

JOG na SHUTTLE zina tofauti gani?

Zote mbili zinaendeshwa na lile gurudumu kubwa la upande wa kulia. Ukilibonyeza linabadilika kutoka hali moja kwenda nyingine. Kwenye JOG, mkanda unafuata mkono wako, fremu kwa fremu. Ukiacha kuzungusha, picha inasimama. Kwenye SHUTTLE, kadiri unavyolizungusha ndivyo mkanda unavyokimbia, na hauachi mpaka ulirudishe katikati, pale unaposikia linashika.

Wengi huipenda SHUTTLE kwa sababu inafika upesi. Kwa mkanda mzima, sawa. Kwa mkanda dhaifu, ipande taratibu na usiibadilishe mwelekeo ghafla. Mkanda wa Betacam kwenye PAL unapita zaidi ya sentimita 10 kwa sekunde hata katika mwendo wa kawaida, zaidi ya mara nne ya VHS, kwa hiyo kila kosa linachukua kipande kirefu.

Na picha iliyosimama si mapumziko. Mkanda umesimama lakini vichwa bado vinazunguka juu ya mstari uleule. Mashine italegeza mkanda yenyewe baada ya dakika kadhaa, ila usiisubiri. Simu ikiita, zima STANDBY.

Nimesimamisha mkanda, mbona naona picha ya kamera?

Swichi ya PB/EE iko kwenye EE. Katika hali hiyo, mkanda ukisimama, mashine inapitisha moja kwa moja kile kinachoingia nyuma yake. Iweke PB.

Kitufe cha STOP kinapepesa muda wote. Kuna hitilafu?

Hapana. Kinakwambia hakuna ishara ya marejeo kutoka nje, yaani ile ishara ambayo studio nzima hutumia kwenda pamoja. Ukiwa na mashine moja na kompyuta moja nyumbani, picha itatoka vizuri tu. Lakini ukiwa na jenereta ya ishara hiyo, iunganishe kwenye tundu la REF na kwenye kadi ya kompyuta inayopokea picha pia. Taa ya kuitazama kwa makini ni SERVO. Ikiwaka bila kutetereka, ngoma na kapstani (kijiti kinachovuta mkanda) vimeshikana na mkanda. Ikizimika na kuwaka wakati wa kucheza, picha itaruka, na chanzo mara nyingi ni kuharibika kwa alama za mwendo, zile zilizoandikwa kwenye mkanda ili mashine ijue kasi yake.

Picha ina mistari ya theluji juu au chini. Nirekebishe wapi?

Anza na kirungu cha TRACKING. Kwa kawaida kinakaa katikati, ukihisi kimeingia kwenye kishimo chake. Geuza swichi ya mita ili ioneshe nguvu ya ishara inayotoka vichwani, kisha zungusha kirungu polepole mpaka sindano ipande juu kabisa. Fuata sindano kuliko jicho. Ukimaliza kaseti hiyo, rudisha kirungu katikati, la sivyo kaseti inayofuata itaonekana mbovu bila kosa lake.

Kama TRACKING haisaidii, safisha vichwa. Kaseti ya kusafishia icheze sekunde 5, si zaidi. Ni kama msasa laini, inakula vichwa. Kwa mkono, zima umeme, tumia ngozi laini ya kusafishia na spiriti ya aisopropili, shikiza ngozi kwenye ngoma na uizungushe ngoma kwa mkono. Usisugue juu na chini kamwe, kichwa kitavunjika. Pamba ya vijiti iache, nyuzi zake hunasa.

Na ifunike mashine usiku. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta za mawe na chokaa, na chokaa ile haiachi kudondoka. Asubuhi pitisha kidole juu ya mfuniko utaona vumbi jeupe. Hilo hilo linaingia kwenye mdomo wa kaseti. Kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa karibu kinatosha. Plastiki inafungia unyevu ndani.

Namba nyeupe zimetokea juu ya picha niliyohamisha!

Umechomeka waya kwenye tundu la tatu la video, lile la monita, ambalo hubeba taimkodi juu ya picha. Zima swichi ya CHARACTER, au bora zaidi, hamishia waya mahali pengine. Kwa kuhamisha, usitumie video ya waya mmoja kabisa ikiwa kadi yako inapokea komponenti. Betacam inarekodi mwangaza na rangi kila kimoja peke yake. Ukitoa kwa nyaya tatu za komponenti, Y ya mwangaza, R-Y na B-Y za rangi, unapata kile kilichorekodiwa. Ukitoa kwa waya mmoja, mashine inavichanganya kwanza, kisha kompyuta inahangaika kuvitenganisha. Tofauti utaiona kwenye vitu kama mistari ya kanga: inameremeta na kutoa rangi ambazo hazikuwepo.

Picha iliyopoteza rangi au yenye weusi wa kijivu inaweza kusahihishwa kwa virungu vya TBC, sehemu ya mashine inayotuliza picha. Viache kwenye PRESET, yaani kiwango kilichopangwa tayari, kwanza, hamisha hivyo, urekebishe baadaye kwenye kompyuta. Ukikosea kwenye kompyuta unarudi nyuma. Ukikosea kwenye virungu, itabidi uucheze mkanda upya.

Sauti naisikia upande mmoja tu.

Betacam SP ina chaneli 4 za sauti. Chaneli 1 na 2 ziko pembezoni mwa mkanda. Chaneli 3 na 4 zimo pamoja na picha, zimeandikwa na vichwa vilevile, na haziwezi kurekodiwa peke yake bila picha. Kwenye vipindi vilivyohaririwa, mara nyingi chaneli 1 ina msimulizi na chaneli 2 ina sauti ya mahali penyewe. Kwa hiyo "upande mmoja" huenda ndivyo ilivyokusudiwa.

Swichi ya MONITOR inakuchagulia unachosikia kwenye spika, haibadilishi kinachotoka nyuma. Sikiliza zote nne, moja moja, kwa spika za masikioni, dakika mbili kila moja, kabla hujaamua. Kisha hamisha zote nne kama faili tofauti. Usizichanganye! Katika onyesho la taarab, chaneli 1 inaweza kuwa na maikrofoni ya mwimbaji, na chaneli ya 3 ikawa na fidla, ganuni na watu wanaotunza. Ukizichanganya leo kwa sababu ya kuokoa nafasi ya diski, hakuna atakayezitenganisha kesho. Kwa mtu anayetafiti namna Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905, kinavyopiga, ile chaneli unayoiona ina kelele huenda ndiyo pekee inayomfaa.

Kiwango cha sauti kiweke PRESET. Mchezo wa ng'ombe ni mfano mzuri: dakika kumi za zumari, kisha ng'ombe anageuka na uwanja mzima unapiga ukelele. Ukiwa umepandisha kwa mkono wakati wa utulivu, ukelele utapasuka.

Nataka kuhariri kutoka mashine moja kwenda nyingine bila kompyuta. Swichi zikae vipi?

Mashine inayorekodi iwe LOCAL, inayocheza iwe REMOTE, na waya wa pini 9 kati yao. Utakaa mbele ya mashine ya kurekodi. Vitufe vya PLAYER na RECORDER vinabadilisha unayemwamrisha. Weka mahali pa kuingia kwa kushika IN pamoja na ENTRY, tazama kwa PREVIEW, kisha AUTO EDIT. Mashine zitarudi nyuma sekunde chache ili zishike mwendo kabla ya kukata, kwa hiyo acha nafasi yenye taimkodi mwanzoni mwa mkanda. Bila nafasi hiyo zitagoma.

Kuna namna mbili za kuhariri. ASSEMBLE inafuta kila kitu kuanzia pale unapoingilia, pamoja na alama za mwendo, na mwisho wake huacha pengo. INSERT inabadilisha picha au sauti tu na kuacha alama zilivyo, lakini inahitaji mkanda uliokwisha kuandikwa alama hizo mwanzo hadi mwisho. Kurekodi moja kwa moja ni REC na PLAY kwa pamoja, na hapo ndipo kile kitufe chekundu cha kaseti kinapookoa watu.

Umeme ukikatika katikati ya mkanda?

Wengi bado tunakumbuka miezi mitatu ya giza Unguja, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Siku hizi ni nafuu sana, lakini hata kukatika kwa sekunde mbili kunatosha: ngoma inasimama mkanda ukiwa umeizunguka. Mashine na kompyuta zote zikae kwenye UPS. Umeme wa jenereta upite kwenye stabilaiza kwanza.

Ukikatika, zima swichi ya mashine mara moja. Ukirudi, subiri utulie, ndipo uwashe. Kwa kawaida mashine itaukusanya mkanda yenyewe. Bonyeza EJECT mara moja tu na uipe muda.

Kaseti imekwama haitoki.

Usivute. Mkanda bado uko nje ya kaseti, umezunguka ngoma na vijiti vya pembeni, na ukivuta unaukata au unakunja vijiti. Zima, hesabu hadi thelathini, washa, EJECT. Ikishindikana, zima tena, chomoa waya wa umeme na umwite fundi anayejua kuzungusha mota ya kukusanya mkanda kwa mkono, zamu ndogo ndogo, akilisaidia gurudumu kuumeza mkanda uliolegea. Andika kwenye karatasi mashine ilikuwa inafanya nini ilipokwama na kioo kilionesha namba gani ya hitilafu. Fundi ataanzia hapo.